Baraza la Pwani, Barza ya Katanga

Matajiri wa Ulaya wa karne ya 17 na ya 18 waliongeza katika majumba yao vyumba vya madirisha makubwa, ili michungwa istahimili baridi. Katika Katanga ya kikoloni, pamoja na Kasaji iliyopitiwa na reli ya Tenke hadi Dilolo mwaka 1931, haja ilikuwa kivuli. Wabelgiji walijenga ukumbi wazi wenye paa, wakauita barza, neno ambalo Kifaransa cha Kongo kililikopa kutoka Kiswahili.

Neno lilikopwa bila desturi yake. Lamu na Unguja, baraza ni kikao cha mawe na pia mkutano wenyewe. Mpita njia hukaribishwa. Katika barza ya kikoloni, bwana aliketi, boi akasimama. Anayeiziba leo kwa mbao na vioo huongeza chumba, lakini hupoteza mahali ambapo desturi hiyo ingeweza kurudi.