Samaki wa Mapezi ya Bluu Aliyenyang'anywa Jina

Kusini mwa milima ya Alps, katika mito ya Po, Adige na Soča inayomwaga maji yake bahari ya Adriatiki, anaishi samaki ambaye Waitalia humwita temolo. Ni wa ukoo wa samoni na trauti. Hupenda maji baridi yaendayo kasi juu ya changarawe, na pezi lake la mgongoni husimama kama tanga.

Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, aliyeishi hadi karne ya 3, alimtaja katika mito ya Ticino na Adige, akidai kwamba hanaswi kwa chambo chochote ila mbu. Mwaka 1848 Mfaransa Achille Valenciennes, akiendeleza kitabu kikubwa cha samaki alichokianza na Georges Cuvier, akamsajili samaki huyo kwa jina la Thymallus aeliani, kumuenzi mwandishi huyo wa kale.

Jina halikudumu. Wataalamu waliofuata walimtia katika spishi moja na Thymallus thymallus, aliyeorodheshwa na Linnaeus mwaka 1758 na anayepatikana sehemu kubwa ya Ulaya.

Uamuzi huo uliishia mitoni. Maadamu vitabu vilisema samaki ni wale wale, katika karne ya 20 vifaranga wa bonde la Danube, ng'ambo ya Alps, walipandikizwa katika mito ya Adriatiki ili wavuvi wa ndoano wasikose windo. Wavuvi wenyewe walikwishaona tofauti: mwenyeji ana mapezi ya bluu, mgeni ana mekundu. Mmoja wakamwita pinna blu, mwingine pinna rossa. Macho yao yalistahili kusikilizwa mapema zaidi.

Vinasaba vikaja kuwaunga mkono. Utafiti wa mto Soča uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta machotara wengi mno, damu ya Danube imeenea. Katika muongo uliofuata wataalamu wakamrudishia mwenyeji jina la Valenciennes. Wapo waliosita, wakiona kwamba ukoo uliojitenga si lazima uitwe spishi, lakini mwelekeo umebadilika: mwaka 2019 hata temolo wa mto Loire, Ufaransa, alipewa jina lake, Thymallus ligericus.

Kazi ngumu sasa ni kuwapata wazazi halisi wa mapezi ya bluu wa kuzalisha vifaranga wa kurudishwa mitoni. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu chotara anaweza kufanana kabisa na mwenyeji. Ni lazima wapimwe vinasaba kabla ya kuzalishwa.