Msowero Kabla ya Warsaw

Ukurasa wa somo la kwanza nimeuchana mara tatu. Nimejitolea kufundisha hapa Mikumi, Jumamosi sita mfululizo, historia ya lugha za kuundwa, zile zilizotungwa mezani kabla hazijapata mdomo wa kuzisema. Mwanzoni nilianza na Schleyer, padri wa Kijerumani aliyetunga Volapük. Nikaona hapana. Wanafunzi wangu ni vijana waliomaliza kidato cha nne na waongoza watalii wawili wa hifadhini. Barabara ya Dumila kwenda Kilosa wanaijua kuliko Ujerumani.

Basi tutaanzia Msowero, kwenye barabara hiyo hiyo. Novemba 1884 Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, alimfikia Mangungo, chifu wa huko, na mkataba wa Kijerumani, Mangungo akautia alama yake. Shuleni tulifundishwa kwamba alidanganywa. Nataka darasa langu liitazame ile karatasi yenyewe: nchi iliondoka kwa maneno ambayo mwenye nchi hakuweza kuyasoma.

Miaka mitatu baadaye, 1887, daktari Zamenhof alitoa huko Warsaw kijitabu cha lugha aliyoitunga, kwa jina la Doktoro Esperanto, daktari mwenye matumaini. Alizaliwa Białystok, mji wa Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani waliochukiana, naye akataka lugha isiyo ya mwenyeji wala mgeni. Nilimjaribu mtoto wa jirani: *bona* ni zuri, *malbona* baya, *varma* ni joto, *malvarma* baridi. Nikamwambia *granda* ni kubwa. Hakungoja swali. “*Malgranda* ndogo!” Kwa kipande hicho kimoja, *mal-*, Zamenhof aliwapunguzia watu nusu ya mzigo wa kukariri maneno na vinyume vyake.

Kilosa nayo ilikusanya watu. Reli ilipita, mkonge wa Kimamba na Rudewa ukaleta manamba kutoka mbali, wakakaa na Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Hawakumhitaji Zamenhof. Kiswahili kilikuwa kimeshawatangulia na misafara ya pwani.

Kiswahili si lugha ya kuundwa, na atakayesema ni ya kuundwa darasani nitabishana naye. Lakini mezani kimepita. Mwaka 1928, mkutanoni Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifu, Kimvita, lahaja ya Mombasa yenyewe, kikaachwa pamoja na hazina yake yote ya mashairi; jambo hilo linaniuma hadi leo. Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930, BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, likaundwa 1967. Maneno yakatafutwa, na mengine yakapatikana bara: *ikulu*, makazi ya mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma, *ngeli*, neno la Wahaya ambalo kila mwanafunzi hulitaja bila kujua lilikotoka.

Jumamosi ya sita sijaiandalia chochote. Kila mmoja atakuja na neno moja la nyumbani, la Vidunda, la Berega, la popote bibi yake alipo, lenye maana ambayo Kiswahili huizungukia kwa sentensi nzima. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili.