Namba za mashine ya kinyozi na maana yake

SWALI la kwanza ambalo mteja huulizwa anapoketi kwenye kiti cha kinyozi mjini Othaya, Kaunti ya Nyeri, aghalabu ni moja tu: "Namba ngapi?" Wengi hujibu kwa mazoea, "Nipunguzie tu," kisha wakamwachia kinyozi uamuzi. Hata hivyo, neno "kupunguza" halina kipimo, na nywele zikishaanguka sakafuni hazirudishwi kichwani.

Namba, kinyume chake, ina kipimo kamili. Ni jina la kichana cha plastiki kinachobandikwa mbele ya meno ya mashine ili kuyazuia yasiifikie ngozi. Urefu wa kichana hicho ndio urefu wa nywele zitakazobaki.

Utaratibu unaotumika katika mashine nyingi za umeme ulitoka Marekani, ambako vipimo huhesabiwa kwa inchi. Kila namba ni thumuni moja ya inchi, yaani takriban milimita 3. Kwa hivyo namba 1 huacha nywele za milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, na namba 4 milimita 13, ambayo ni nusu inchi. Namba 8 huacha inchi nzima, yaani milimita 25. Kuna pia kichana cha nusu namba, kinachoacha milimita 1.5.

Hapa ndipo penye mtego. Mashine nyingi za kuchaji zinazouzwa madukani siku hizi huwa na vichana vilivyoandikwa kwa milimita: 3, 6, 9 na 12. Mteja akiomba "namba 3" akitarajia milimita 10, naye kinyozi akachukua kichana kilichoandikwa 3, mteja huyo ataondoka na namba 1. Tofauti ni milimita 7. Kwa kuwa nywele za kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, itamlazimu kusubiri karibu wiki tatu ili apate alichokiomba.

<b>Sufuri si kipara</b>

Mashine ikitumiwa bila kichana, vinyozi husema ni sufuri. Hata sufuri ina viwango vyake. Mashine nyingi zina mkono mdogo ubavuni unaosogeza bamba moja la meno. Mkono huo ukifungwa, nywele hubaki chini ya milimita 1. Ukifunguliwa, zinaweza kukaribia milimita 2 au 3. Kinyozi stadi hutumia mkono huo, pamoja na nusu namba, kuunganisha sehemu fupi na ndefu pasipo kuacha mistari. Hivyo ndivyo unavyopatikana mtindo wa ngazi ambao vijana huuita fedi: kisogo na panja huwa karibu na sufuri, nao utosi hubaki na namba 2 au zaidi.

Kipara halisi ni jambo jingine. Kipara hunyolewa kwa wembe, au kwa mashine ndogo inayogusa ngozi, na hakiachi chochote. Mtindo huo, ambao Wakenya wengi huuita jodani, ulivuma duniani katika miaka ya 1990 kupitia kwa mchezaji wa mpira wa vikapu wa Marekani, Michael Jordan. Anayetaka kipara na ataje kipara; anayetaka sufuri na ataje sufuri.

Ikumbukwe pia kwamba namba hutoa urefu wake kamili pale tu mashine inapokwenda kinyume na uelekeo wa nywele, kichana kikiwa kimelala kichwani. Ikifuata uelekeo wa nywele, huacha nyingi zaidi. Isitoshe, nywele za Mwafrika hujikunja, hivyo namba 2 kichwani mwake huonekana fupi kuliko namba 2 kwenye nywele zilizonyooka. Ndiyo sababu ni vyema nywele zichanwe na ziwe kavu kabla ya kunyolewa kwa mashine. Methali isemayo, "Mwenzako akinyolewa, chako tia maji," ni ya enzi ya wembe.

<b>Mzazi na kanuni za shule</b>

Suala hili huwa zito zaidi shule zinapokaribia kufunguliwa. Kanuni za shule nyingi za bweni hudai "nywele fupi" kwa wavulana, na katika shule nyingi kwa wasichana pia, lakini aghalabu hazitaji namba. Mwanafunzi akirudishwa kutoka langoni kwa sababu ya nywele, mzazi hugharamia nauli upya na mtoto hukosa masomo.

Mnamo Septemba 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba shule moja ya upili ilikosea kumfukuza msichana Mrastafari kwa sababu ya rasta zake. Uamuzi huo ulihusu uhuru wa kuabudu. Haukufuta kanuni za nywele fupi kwa wanafunzi wengine.

Baadhi ya wazazi huamua kumnyoa mtoto kipara ili kukwepa usumbufu. Hesabu haiungi mkono uamuzi huo. Muhula wa wiki 13 huongeza takriban sentimita 3 za nywele, kwa hivyo mwanafunzi atahitaji kunyolewa tena kabla ya kufunga shule, awe alianza na kipara au na namba 1. La busara ni kuuliza shule inakubali namba ngapi, kisha kumtajia kinyozi namba hiyo. Katika miinuko ya Othaya, ambako baridi ya Juni hadi Agosti huuma, milimita chache kichwani si anasa.

<b>Ngozi ya kisogo</b>

Sababu nyingine ya kutoshuka hadi sufuri ni afya. Nywele zilizojikunja zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha zake huweza kurudi ndani ya ngozi na kusababisha vipele. Baadhi ya wanaume, hasa wenye asili ya Kiafrika, hupata vipele sugu kisogoni ambavyo visipotibiwa mapema hugeuka makovu magumu yasiyoota nywele tena. Mtu mwenye dalili hizo anashauriwa aache kunyoa kisogo hadi kwenye ngozi na amwone daktari badala ya kukamua vipele hivyo.

Mashilingi, ambayo husababishwa na kuvu, huweza kuambukizwa kwa mashine na vichana vichafu. Yakiwa kichwani, kwa kawaida huhitaji dawa ya kumezwa, kwa kuwa ya kupaka haifiki kwenye mizizi ya nywele. Hatari kubwa zaidi ni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kudumu nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi, na mkwaruzo mdogo hutosha kuwa mlango.

Usafi una mpangilio wake. Kwanza nywele na mafuta huondolewa kwa brashi, kwa maana dawa haipenyi uchafu. Kisha meno husafishwa kwa spiriti yenye alkoholi ya asilimia 70 hivi na kuachwa yakauke. Vichana vya plastiki huoshwa kwa sabuni. Kisanduku chenye taa ya buluu hakitoshi peke yake, kwa kuwa mwanga huua vijidudu pale tu unapofika. Wembe ni wa mtu mmoja, mara moja.

<b>Mashine kutoka ng'ambo</b>

Mashine ya umeme ya kunyolea ilienezwa na Leo Wahl wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois, aliyeomba hataza yake mwaka 1919. Nyingi za aina hiyo husukumwa na sumaku inayofuata mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani ni volti 120 na mapigo 60 kwa sekunde. Wa Kenya ni volti 240 na mapigo 50. Kwa hivyo mashine iliyoletwa kama zawadi na jamaa aishiye Marekani huweza kuungua ikichomekwa moja kwa moja. Hata ikitumiwa kwa kifaa cha kupunguza volti, hupiga mara 6,000 kwa dakika badala ya 7,200, na inaweza kunguruma na kung'oa nywele badala ya kuzikata. Ni vyema kusoma maandishi yaliyo mgongoni mwake kwanza.

Nyeri inajua kwamba nywele zaweza kubeba maana kubwa. Aprili 2022, Muthoni wa Kirima, aliyepigana msituni katika vita vya Mau Mau, alinyolewa na Mama Ngina Kenyatta rasta alizokuwa amezifuga tangu miaka ya 1950. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa mteja wa kawaida, tahadhari ni nyepesi. Taja namba ya utosi, ya panja na ya kisogo. Uliza kama kichana ni cha namba au cha milimita. Na ukiwa na shaka, anza na namba kubwa. Iliyo ndefu yaweza kupunguzwa papo hapo. Iliyo fupi husubiriwa.