Umbo la Binadamu Katika Karakana za Elisabethville

Mnamo mwaka 1946, katika mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyokuja kujulikana kwa jina la Hangar. Akawakusanya humo vijana wa Kiafrika, akawapa rangi na karatasi, kisha akawanyima kwa makusudi kile ambacho mwanafunzi wa fani hii huko Ulaya alikuwa akikabidhiwa kabla ya yote, yaani kielelezo cha kunakili.

Uzito wa jambo hilo haufahamiki ila kwa kukumbuka jinsi elimu ya kuchora mwili wa binadamu ilivyokuwa imekwisha kutiwa vitabuni. Mwaka 1543 tabibu Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alipigisha chapa huko Basel kitabu kikubwa cha viungo vya mwanadamu, chenye taswira za mifupa na misuli zilizochorwa kwa ustadi mkubwa mno, na kwa karne nyingi baada yake wachoraji walizirejea sawasawa na matabibu. Tena, kati ya 1866 na 1871, Charles Bargue, akishirikiana na Jean-Léon Gérôme, alitoa nchini Ufaransa mafunzo yenye vielelezo 197. Mwanafunzi alianza na jicho, sikio au mguu wa sanamu ya plasta. Akateremsha mstari wima mfano wa timazi ya mwashi, akaligawa umbo kwa mistari iliyonyooka kabla ya kuthubutu kuupinda hata mmoja, na mwishowe ndipo alipoufikia mwili mzima wa mtu aliyesimama uchi. Vincent van Gogh alinakili vielelezo hivyo mwaka 1880 akiwa Cuesmes, kijiji cha wachimba makaa ya mawe nchini Ubelgiji, bila ya mwalimu wa kumsimamia. Nasi wana wa mji uliozaliwa na machimbo ya shaba hatuwezi kuisoma habari hiyo pasipo kuguswa nyoyo.

Romain-Desfossés, kwa upande wake, aliitakidi kwamba Mwafrika anayo sanaa yake ndani ya nafsi, na kwamba kumtia mkononi kielelezo cha Ulaya ni kumharibu. Hakukosa hoja kabisa, maana tangu 1926, huko Bukama, Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, alipopewa karatasi na rangi za maji na Mbelgiji Georges Thiry, alichora watu na wanyama kwa namna yake mwenyewe, pasipo darasa lolote. Na matunda ya Hangar yalikuwa adhimu. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alipendelea ndege, samaki na nyoka. Bali Mwenze Kibwanga aliushughulikia hasa mwili wa mtu. Msogelee mwindaji wake umtazame: hakuna mstari uliomzunguka. Amejengwa kwa michirizi mifupi ya brashi, iliyolala upande huu katika paja na upande mwingine katika ardhi iliyo nyuma yake, hata jicho likautambua mwili kwa kule kugeuka kwa michirizi tu.

Hayo Mwenze hakuyapata katika vielelezo vya Bargue. Walakini nashikilia kwamba kumkinga mtu mzima na kitabu ni kumkatia shauri lililo haki yake mwenyewe. Van Gogh alimnakili Bargue kwa bidii zote na wala hakugeuka kuwa Bargue, na sioni kwa nini mkono imara kama wa Mwenze udhaniwe kuwa dhaifu zaidi mbele ya karatasi hizo hizo.

Mwaka 1951 mchoraji wa Kibelgiji Laurent Moonens aliasisi Akademia ya Sanaa katika mji huo huo. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Hangar iliingizwa katika Akademia hiyo, na Mwenze na Pilipili, waliolelewa bila vielelezo, wakawa walimu ndani yake.

Nje ya milango hiyo ilikuwapo njia nyingine, ya wachoraji wa mitaani waliouza kazi zao kwa watu wa kawaida. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alirudia mara nyingi picha ya enzi za ukoloni: mfungwa amelala kifudifudi akichapwa, na mzungu amesimama akitazama. Mnamo 1973 na 1974 alimchorea mwanazuoni Johannes Fabian tarikhi nzima ya nchi katika picha 101, akimweleza kwa Kiswahili cha Katanga ni nani aliyesimama, ni nani aliyelala, na kwa sababu gani.