Kahawa, Sheria na Ukuta wa Vidato

Atakaye kuijua tarehe ya elimu katika nchi ya Wameru asianzie vyuoni, bali aanzie miaka ya thelathini ya karne iliyopita, wakati serikali ya kikoloni, baada ya kuwazuia Waafrika kupanda kahawa ili faida yake ibaki kwa walowezi, ilipoilegeza amri hiyo katika Meru, Embu na Kisii. Mkulima aliyepewa miche alifunzwa mengi ya sayansi: kipimo cha shimo, matandazo ya kuhifadhi unyevu, kupogoa matawi, na kuchuma tunda lililoiva likawa jekundu, kwani bichi huharibu ladha ya yote. Lakini mbuni hudumu shambani miaka mingi, na aupandaye ni kana kwamba ameipigia ardhi muhuri. Kwa hiyo kabla ya jembe kugusa udongo palikuwa na suala la haki, kwamba shamba ni la nani, nani alilirithi, na nani aliazimwa tu. Jawabu lake halikuwa kwa bwana shamba. Lilikuwa kwa wazee wa baraza la Njuri Ncheke, waliohifadhi vifuani sheria na nasaba za koo.

Katika miaka hiyohiyo H. E. Lambert alikuwa mkuu wa wilaya ya Meru, mtu ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa upande mwingine, maana ndiye aliyeandika juu ya lahaja za pwani, Kivumba na Chijomvu miongoni mwazo. Huko Meru aliketi na wazee, akachunguza milki ya ardhi, akalitambulisha Njuri mbele ya serikali. Alitumikia dola iliyotwaa mengi, wala simsafishi kwa hilo. Ila kazi yake yathibitisha kwamba hata mtawala aliyetaka kuiamuru ardhi ile hakuwa na budi kujifunza kwanza historia yake.

Ukuta wa kuzitenga elimu hizo mbili, ya sayansi na ya historia, ulikuja na mitihani. Kijana aliyepata nafasi ya kidato cha tano alitakiwa achague ama historia, jiografia na fasihi, ama fizikia, kemia na hisabati. Na uchaguzi huo, uliofanywa na mtu ambaye aghalabu hajatimiza miaka ishirini, ndio uliomfungulia au kumfungia milango ya vitivo vya Makerere na Nairobi. Mfumo ule ulitoka Uingereza, ambako mwaka 1959 C. P. Snow, mwanasayansi aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya, alisimama Cambridge akalalamika kwamba wasomi wa pande hizi mbili hawaelewani tena. Sisi tukaendelea kuujenga ukuta ambao Waingereza wenyewe walikwisha kuulalamikia. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliwafunza watoto wote kilimo na ufundi, lakini chuoni mambo yakabaki yalivyokuwa.

Leo kijana wa Kinoru, mjini Meru, hana haja ya safari ndefu. Pale Kaaga pana chuo kikuu cha Wamethodisti, kinachofundisha theolojia na udaktari pamoja. Na Nchiru, penye makao ya Njuri Ncheke, pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Maabara na baraza la wazee ni majirani, na ujirani huo ni neema ambayo vyuo vingi havina.

Kwa ajili ya ujirani huo nina ombi, nami nalitoa kwa uchungu, kwa sababu mtaala mpya, uliowaingiza wanafunzi wake wa kwanza Gredi ya 10 mwaka 2026, unawagawa katika mikondo mitatu wakiwa wadogo kuliko walivyokuwa wale wa kidato cha tano. Ikiwa mgawanyo hauna budi kuwako shuleni, basi chuo na kiukarabati. Nawasihi wakuu wa vyuo vya Kaaga na Nchiru: mwanafunzi wa kilimo asipewe shahada kabla ya kujifunza sheria za ardhi ya Wameru, na yule wa masomo ya sanaa asipewe yake kabla ya kujua udongo wa shamba la kahawa hupimwaje.