Unga Mweupe, Maji ya Tope

Bwawa la kuogelea la hoteli Dar es Salaam na ndoo ya maji ya kunywa Mbwera, katika delta ya Rufiji, vinaweza kutiwa dawa ileile: klorini. Ya unga, kwa jina la kitaalamu, ni kalsiamu hipokloraiti. Babu yake ni unga wa kupaushia vitambaa uliosajiliwa na Charles Tennant wa Glasgow mwaka 1799. Mwaka 1847, Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna wanawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwapima wajawazito, na vifo vya uzazi vikashuka. Bakteria wa kipindupindu, ambaye Robert Koch alimtambulisha kwa ulimwengu mwaka 1883, naye hufa kirahisi kwa klorini.

Hata hivyo, mwaka 1977 kipindupindu kilizuka Rufiji na kusambaa nchini. Mwaka uliofuata kiliingia kijiji cha wavuvi Zanzibar: wagonjwa 411, vifo 51. Bara, tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima kama kinga. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu.

Klorini hupigana kwa namna nyingine. Antibiotiki hulenga sehemu moja ya bakteria. Klorini huunguza sehemu nyingi kwa mpigo, hivyo usugu wa aina ile si rahisi. Udhaifu wake ni kwamba haichagui. Hushambulia pia tope na majani yaliyooza, na ikiisha humo, vimelea husalia.

Bwawa la hoteli lina pampu, chujio na mtu wa kupima maji. Kwenye delta, mto hubeba tope, bahari huingiza chumvi ambayo klorini haiiondoi, na mafuriko kama ya Aprili 2024 huweza kuchanganya vyoo na visima. Ndiyo maana maji huachwa yatulie, yakachujwa kwa kitambaa safi, yakatiwa dawa, kisha yakasubiri dakika 30.

Basi tusiseme watu wa delta waliugua kwa kutojua. Dawa ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya karne. Kilichokosekana ni maji maangavu ya kuitia, na boti ya kuifikisha kwa wakati.