Undugu Uliozaliwa Chuoni

Imani ya Kikristo katika Masasi na Newala ililetwa na undugu wa watu wa vyuoni. Sisi Walutheri si wazao wa misheni hiyo. Lakini tunaohubiri kusini tunavuna katika shamba lililofyekwa na wengine, na ni haki tujue waliolifyeka ni nani na walikusudia nini.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alizungumza na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akawasihi wasiiache Afrika. Cambridge na Oxford waliitikia, Durham na Dublin wakafuata. Hivyo ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, UMCA. Kusudi lake lilikuwa kuhubiri Injili na kupinga biashara ya utumwa. Walioingia hawakulipwa mshahara, walipewa mahitaji ya maisha tu. Jaribio la kwanza, huko bonde la mto Shire, lilivunjika. Askofu Charles Mackenzie alifariki Januari 1862, na mwaka 1864 misheni ikahamia Zanzibar.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi, akatembea kuelekea bara pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Nyasa walikotoka, lakini walipofika Masasi wakaamua kukaa. Mwaka huohuo Chauncy Maples na William Percival Johnson, marafiki waliosoma chuo kimoja huko Oxford, walijiunga na misheni.

Mwezi Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliivamia Masasi. Wapo waliouawa na wapo waliochukuliwa mateka. Maples akahamia Newala, kwenye uwanda wa Makonde, akakaa kwa Matola, chifu wa Wayao. Hapo tunaona jambo la kutafakari: waliokuja kuwahifadhi wengine, wao wenyewe walihifadhiwa na mwenyeji. Maples alikufa maji katika Ziwa Nyasa mwaka 1895. Johnson alitumika katika pwani za ziwa hilo hadi alipofariki mwaka 1928.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia habari za Waingereza peke yao. Undugu huu ulikuwa na chuo kingine, Kiungani, Zanzibar, ambako vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walifundishwa kuwa walimu na watumishi wa kanisa. Mmoja wao ni Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto. Baada ya Kiungani alisoma Canterbury, Uingereza, na mwaka 1886 akatumwa Chitangali, karibu na Newala, kwa watu wa lugha yake. Mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile, na kanisa likakua mikononi mwake.

Hata hivyo kiti cha uongozi kilibaki kwa waliotoka ng'ambo. Dayosisi ya Masasi ilipoundwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza alikuwa Vincent Lucas, Mwingereza. Waingereza waliendelea kukalia kiti hicho hadi mwaka 1968, Trevor Huddleston alipoondoka na Hilary Chisonga akashika nafasi yake. Tangu Majaliwa apewe upadre hadi hapo ilipita miaka 78.

Hatusemi haya ili kuwahukumu marehemu. Wengi wao waliacha mema ya kwao wakafa huku. Tunasema kwa sababu kutumikia na kuwa ndugu si jambo moja. Mtu anaweza kumhudumia mwenzake maisha yake yote bila kumpisha kitini.

Mwaka 1519 Martin Luther, akiwa mwalimu wa chuo kikuu Wittenberg, alivikemea vyama vya undugu vya siku zake. Aliona vinakusanya fedha za karamu na pombe, na kuwaombea wanachama wao tu. Akashauri fedha hizo ziwalishe maskini na kuwasaidia wenye shida. Kwake, undugu wa kweli ni ule wa ushirika wa watakatifu, unaobeba mizigo ya wote.

Leo vijana wetu wamo katika UKWATA mashuleni na USCF vyuoni. Wakati wa likizo huenda vijijini kuhubiri, kuimba na kugawa nguo. Tunamshukuru Mungu kwa bidii yao. Ila tunawauliza, na tunajiuliza sisi tunaowafundisha: tukifika kijijini, je, mwinjilisti aliyeishia darasa la saba tunamketisha atufundishe, au tunampa kazi ya kutubebea vyombo? Mzee wa kanisa anayejua ni nyumba ipi ina mgonjwa, je, yumo katika kikao cha kupanga huduma, au anaitwa mwishoni kutoa shukrani?

Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo hakumwomba amwonee huruma mtumwa wake tu. Alimwomba ampokee kama ndugu, vile ambavyo angempokea Paulo mwenyewe. Watu waliotembea na Steere kutoka Lindi walistahili kupokelewa hivyo. Chama chochote cha wanafunzi kinachotaka kutumikia kianzie hapo: kimtambue anayehudumiwa kuwa ndugu, na siku ikifika kiwe tayari kuongozwa naye.